Mwalimu Martina na Meno Yake Mawili

Tumsifu Yesu Kristo. Baba Paroko, wazee wetu shikamooni, waombolezaji wote poleni na safari ya mlima, mimi ni Gervas, mdogo wake marehemu, ukoo umenipa kazi ya kusoma maisha yake, na kwa kuwa mwenyewe alikwisha kuniagiza nisije nikasoma yale maneno ya "aliugua kwa muda mrefu", nitasoma kama alivyotaka, hata pale panaponiumbua mimi.

Mwalimu Martina Bartholomeo Lukwele alizaliwa tarehe 17 Agosti 1974 hapa Nyandira, mtoto wa kwanza wa marehemu mzee Bartholomeo na mama yetu Paskalia, huyu aliyeketi hapa mbele, akasoma shule ya msingi hapa hapa kuanzia mwaka 1983 hadi 1989, sekondari Morogoro Mjini hadi 1993, kisha akasomea ualimu, na Januari 1997 akapangiwa Dakawa, kwenye mashamba ya mpunga, alikofundisha darasa la kwanza kwa miaka ishirini na minane bila kuomba uhamisho.

Alifunga ndoa na Tomasi tarehe 10 Julai 1999, wakajaliwa watoto wawili, Hosiana na Shukuru, Tomasi akafariki Machi 2006, na mwezi uliofuata Martina akapima, akajua anaishi na virusi vya UKIMWI, akaanza dawa, na hakuruka kidonge hata siku tuliyomzika baba.

Februari 2012 alianguka na bodaboda, meno mawili ya mbele yakang'oka, na kwa mwalimu wa darasa la kwanza hilo si pengo dogo, maana herufi f ikawa upepo mtupu, watoto wakamwiga kwa utii wote, darasa zima likasoma hivyo, naye akacheka nao huku amejiziba mdomo kwa kiganja, na kiganja hicho hakikushuka kwa miaka saba. Alisaka meno ya kupandikiza, yale ya skrubu inayozamishwa kwenye mfupa wa taya, madaktari wawili wakamkatalia mara walipoona kadi yake ya kliniki, wa tatu akasoma vipimo, akaona virusi vimefubazwa na fizi ni nzima, akasema haoni sababu ya kumnyima. Machi 2019 akawekewa skrubu mbili, moja ikalegea baada ya miezi mitatu, ikarudiwa, na kufikia Desemba meno yote mawili yalikuwa yameshika.

Hapa naomba mnivumilie. Mimi niliposikia "kupandikiza" nilifikiria figo, nikajua meno yametoka kwa mtu mwingine, na kwa kuwa sijaona mtu aliye hai akigawa meno yake, nikapanda huku kumwambia mama kwamba Martina anatafunia meno ya mfu. Krismasi ile dada alikuja na tabasamu lake zima, mama akampakulia kwenye sahani ya peke yake, naye aliyezoea tangu utoto kula sahani moja na mama akadhani ni kwa sababu ya virusi, akala, akaosha sahani, tarehe 26 akashuka, na hakupanda tena mlima huu mpaka jana tulipompandisha kwenye jeneza.

Mwaka 2023 nilimtembelea Dakawa, akanionyesha shamba lake, akanieleza kwamba jino lile ni chuma na kauri, limepandikizwa kama mche wa mpunga, usioutikisa kila siku kutazama kama umeshika, kisha akaniuliza kama mama bado anaogopa virusi vyake. Nililiona kosa langu pale pale, nikaona aibu, nikasema moyoni nitalisema Krismasi, na Krismasi zikapita mbili.

Ijumaa tarehe 9 Mei 2025 alipata kiharusi akiwa darasani, akafariki Jumanne tarehe 13, saa nne asubuhi, hospitalini mjini. Hakuchukuliwa na virusi, na meno yake yalikuwa mahali pake.

Jana, akina mama walipokuwa wakimwandaa, mama aliomba kumwona, akamfunua mdomo, akayashika meno yale kwa kidole, hayakucheza, akaniita akaniuliza kama haya ndiyo ya mfu, na mimi nikatoka nje. Mama, nakujibu leo mbele za watu, yalikuwa yake, mwanao hakukukosea kitu, meno yalishika, aliyelegea ni mimi.

Tunamshukuru daktari yule wa tatu, aliyefika na yuko nasi, wauguzi wa kliniki waliomjua kwa jina, madaktari waliompigania siku nne, walimu wenzake, majirani wa Dakawa waliomfulia na kumpikia, na watoto wa darasa la kwanza waliotuma daftari lenye majina yao, wote wameandika f vizuri.

Dada, mama ameshajua, naye hakuwahi kuogopa virusi vyako. Pumzika kwa amani niliyokunyima.