Shangazi, Kijiko na Mlango wa Jikoni

Ndugu waombolezaji, wakwe, majirani, wafanyakazi wenzake marehemu, na ninyi mlioketi kule nyuma karibu na geti mkiulizana kwa sauti ya chini nani alimlisha nini, poleni wote, sogeeni mbele, viti vipo, na historia hii ni fupi kuliko maneno mliyokwisha kuyasema tangu Jumamosi.

Shangazi yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1966, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa nne na binti pekee wa mwendesha mashine wa kiwanda hicho na mkewe mshona nguo, na bibi alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu alipozaliwa hakulia, alinusa kwanza, kisha ndipo akakubali kukaa, hadithi ambayo bibi aliiongezea chumvi kila mwaka, lakini pua ile sote tuliijua, hukuweza kuingia kwake ukiwa umekula kwa jirani ukamdanganya.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1973 katika shule ya msingi iliyopakana na kiwanda, akaendelea na sekondari, na mwaka 1981 akaishia kidato cha pili, si kwa kufeli, maana alikuwa wa tatu darasani, bali kwa sababu kikao cha wanaume wa ukoo kiliona kwamba binti ataolewa tu, shule waachiwe kaka zake, na matunda ya shule hiyo tunayaona leo, tumekaa nayo hapa, yanaongoza kamati ya mazishi.

Mwaka 1985 aliajiriwa katika jiko la hoteli ya ghorofa sita, akaanza kwa kumenya vitunguu, akapanda hadi meza ya kukatia, na kufikia mwaka 1988 alikuwa amekabidhiwa upande wa vyakula vya baharini, chini ya mpishi mkuu mwenye sauti kama honi ya lori, aliyezoea kuwaambia vijana wake kwamba mpishi asiyeonja ni dereva aliyefumba macho, na kwamba mtu wa namna hiyo hatadumu kazini siku mbili. Ni mwaka huohuo ambapo mwosha vyombo wa hoteli hiyo, msichana mwembamba asiye na maneno mengi, alianza kuonekana kila mara ubavuni mwa shangazi, kijiko kidogo cha chai kikiwa mfukoni mwa aproni yake, na wenzao wakampa jina la Kijiko, wakaanza kuhesabu vijiko vya hoteli, wakakuta vyote vipo, na hilo badala ya kuwatuliza likawatia wasiwasi zaidi.

Tarehe 6 Julai 1991 alifunga ndoa na fundi wa majokofu, aliyekuja kutengeneza chumba baridi cha hoteli na ambaye, kama ilivyobainika, alikuwa kaka yake Kijiko, basi Kijiko akawa wifi, na upande wetu, ambao hatujawahi kupewa zawadi tusiigeuze kutafuta waya wa bomu, tukasema haya, mmeona, huyu kamleta kaka yake makusudi, kuna jambo. Mungu aliwajalia mtoto mmoja, binti, aliyezaliwa mwaka 1996, naye yupo hapa mbele, na tunaomba mumwache alie bila kumhoji.

Hoteli ilipofungwa mwaka 2009 shangazi hakukaa chini kusubiri huruma, alianza kupikia nyumbani kwake chakula cha hoteli kubwa, fine dining ya kweli, kwenye jiko la mafiga manne ambalo moja lilikuwa bovu, kambakochi aliyepasuliwa katikati akabanikwa kwa siagi na kitunguu saumu, ngisi aliyechanjwa mistari midogo ili ajikunje kama ua, sosi iliyotokana na maganda ya kamba ambayo sisi wengine tungeyatupa, yeye akayakaanga, akayachemsha, akayachuja kwa kitambaa cheupe, na sahani alizipasha moto juu ya mvuke wa sufuria ya wali, akisema sahani baridi inaua sosi kabla mgeni hajashika uma. Aliipua kamba kabla hawajaiva, wakamalizikia kuiva njiani kuelekea mezani, na watu waliokuja na midomo ya dharau, eti sebuleni hapa ndipo tule chakula cha hoteli, waliondoka wakiuliza kama anafungua Jumapili.

Lakini jikoni mlango ulifungwa. Ndani walikuwa wawili tu, shangazi na Kijiko, shangazi akiwa amevaa glavu kama mpasuaji, na aliyepita koridoni alisikia neno moja, sasa, kisha Kijiko akijibu, bado chumvi, au, limau limezidi. Na mezani shangazi hakula, miaka yote hiyo, alijikatia mkate na samaki wake wa kuchoma, ukimuuliza anasema mpishi hushiba harufu. Mpishi asiyekula chakula chake ana lake jambo, ndivyo tulivyosema, na tukiwa tunasema tulikuwa tunajilamba vidole. Tulisema glavu zinaficha alama. Tulisema kile kijiko kinatia kitu chunguni cha kuwavuta wateja. Mke wa kaka mkubwa wa shangazi alisema kwa kinywa chake, "Yule wifi hana mume wala mtoto, unadhani anashinda humo ndani anasali?" nasi tukacheka, na kicheko kikawa ushahidi, case closed.

Sasa tunafika kwenye ugonjwa. Karatasi iliyopitishwa na kamati inasema marehemu aliugua ghafla, nukta, twende makaburini, na kaka mkubwa wa marehemu, mwenyekiti wetu, aliagiza isiongezwe hata koma. Hata hivyo mume wa marehemu na binti yake wameomba yasomwe yaliyosemwa na daktari na Kijiko mbele yao, na kwa heshima yote, baba mkubwa, leo wenye msiba ni wao.

Mwaka 1988, siku aliyopewa upande wa vyakula vya baharini, shangazi alionja sosi ya kamba, midomo ikavimba, koo likabana, na aliyembeba hadi zahanati alikuwa yule mwosha vyombo, na huko waliambiwa kwamba ana mzio, yaani aleji, ya kamba, kaa, kambakochi na jamaa zao wote wa gamba gumu, samaki hawamo, na kwamba mara ya pili inaweza isiwe na mara ya tatu. Kwa kuwa waliijua kauli ya mpishi mkuu, walikubaliana palepale kwamba shangazi atapika na Kijiko ataonja, na siri hiyo ikafungiwa nyuma ya mlango kwa miaka thelathini na sita, hata mume hakuambiwa, kwa sababu shangazi alichelea kwamba siku itakapojulikana hakuna atakayekula tena kwa mpishi asiyejua ladha ya chakula chake. Hicho ndicho kilichokuwa kwenye kijiko. Ulimi.

Jumamosi iliyopita, tarehe 14 Septemba, wakwe watarajiwa walikuwa wanakuja kumwona binti, na shangazi ndiye aliyekuwa akipika. Asubuhi kaka mkubwa alisimama mlangoni pa jikoni akamwambia Kijiko, "Wewe leo hapa huingii, hatutaki mambo yako kwenye shughuli ya mtoto wetu." Shangazi akasema, "Kaka, bila yeye sipiki." Akajibiwa, "Wageni wako njiani, unataka kutuaibisha?" Sisi wengine tulikuwepo, tukatazama viatu vyetu. Kijiko akatoka, akaenda kusimama nje ya geti, na shangazi akabaki peke yake na sosi ya kamba ambayo kwa mara ya kwanza hakuwa na wa kumuuliza, sasa?

Aligusa kwa ncha ya ulimi, akatema. Alidhani kutema kunatosha.

Alipoanguka, Kijiko aliingia mbio akasema, "Ameonja, mpelekeni hospitali," na kaka mkubwa akamshika mkono, "Wewe ndiye unayejua ulichoweka, sema ni nini," na wakati mwanamke anahangaika kutafuta pumzi sisi tulifungua makabati, tukanusa chupa za divai, tukamwaga unga, tunatafuta sumu. Jirani seremala ndiye aliyesikia neno hospitali akaleta pikapu yake. Huko daktari aliuliza swali moja, amekula nini, tukajibu kwa pamoja kama kwaya, hajala kitu, huyu huwa hali. Kijiko aliwasili kwa miguu akamweleza, lakini muda ulikuwa umekwisha kuliwa na sisi. Shangazi alifariki mchana huo.

Familia inamshukuru daktari na wauguzi waliopambana hadi mwisho, seremala na pikapu yake, majirani waliotandika maturubai, na wapishi wenzake wa hoteli ile. Familia inamshukuru pia wifi wa marehemu, ambaye amepika chai ya msiba tangu alfajiri na birika zake bado zimejaa, maana kila mmoja wenu amesema ameshakunywa kwake, na ambaye ameketi kule karibu na tenki la maji na safu nzima ya viti vitupu. Mume wa marehemu anamwomba aje akae hapa mbele, kwenye kiti hiki cha ndugu. Baba mkubwa, ndiyo, ni hicho ulichokalia.

Shangazi, pumzika kwa amani na harufu zako zote nzuri. Mlango wa jikoni mumeo ameung'oa leo asubuhi kwa bisibisi, akauegemeza ukutani, kila apitaye anaona ndani, na ndani mna masufuria tu.