Mzee Chekechea na Jani Aliloletewa Kitandani

Ndugu, jamaa na majirani mliokuja kumsindikiza, huyu tunayemlaza leo wengi wenu hamkuwahi kumwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Mlimwita Mzee Chekechea, naye aliitika. Alizaliwa Jumapili, tarehe 4 Machi 1951, katika nyumba ya pili kutoka bomba la maji, nyuma ya kiwanda cha mbao alikofanya kazi baba yake. Alikuwa mtoto wa kwanza. Wa mwisho alikuja miaka kumi na mitatu baadaye, na huyo wa mwisho tutamtaja sana hapa, kwa kuwa marehemu mwenyewe aliagiza atajwe. Mama yao alipofariki mwaka 1966, kitinda mimba alikuwa na miaka miwili, akawa anabebwa mgongoni na kaka yake. Wavulana wenzake walimcheka, "We, mama nani!" Naye akawajibu, "Njooni basi mnisaidie kunyonyesha." Alikuwa na mdomo huo tangu utotoni.

Alisoma shule ya msingi iliyo upande wa pili wa reli, kuanzia mwaka 1960 hadi darasa la saba mwaka 1966. Hakuwa mjinga, ila macho yake yalikuwa dirishani. Mwalimu wa hesabu alimwuliza siku moja, "Huko nje kuna nini kinachonishinda mimi?" Akajibu bila ukorofi, "Kuna mche umeota kwenye mfereji wa paa, mwalimu. Nawaza mizizi itashikilia nini." Alichapwa viboko. Masomo yalipoisha alipanda juu ya paa, akautoa mche ule na kwenda kuupanda nyuma ya choo, pasipopita mtu.

Alianzia kazi palepale kiwandani, akipanga mbao. Februari 1974 ofisi ya misitu ikamchukua kuwa kibarua wa kitalu, baadaye akawa mlinzi wa msitu ulio mlimani, juu ya tangi la maji la mji, hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2011. Alistaafu kwenye karatasi tu. Aliendelea kupanda mlima kama kawaida, na ofisi ikamwachia ufunguo wa geti kwa sababu hakuna mwingine aliyeutaka. Kazi aliyoipenda kupita zote ilikuwa kulea mivule michanga inayoota yenyewe humo msituni. Dereva wa ofisi ndiye aliyembandika jina. Alisema, "Huyu mzee hana msitu. Huyu ana chekechea."

Tarehe 11 Septemba 1976 alifunga ndoa na fundi cherehani wa mtaa wa nyuma ya soko, ambaye leo ni mjane wake. Kumchumbia kwenyewe ni hadithi. Alienda kwao amevaa suruali ya kuazima, mkononi ana mche ndani ya kopo la maziwa. Binti akautazama, akamtazama na yeye, akauliza, "Sasa hiki nikichemshe au nikivae?" Marehemu akasema, "Kiweke dirishani, nikirudi wiki ijayo nitajua kama unanitaka." Wiki iliyofuata kopo lilikuwa dirishani na udongo wake umelowa. Walipata watoto wawili, binti ambaye ni muuguzi na mwana ambaye ni dereva wa lori.

Hapa itabidi tueleze kidogo habari za mianzi, maana bila hizo hamtaelewa kilichomwumiza kabla moyo wake haujachoka. Mlima ule ulijaa mianzi tangu zamani. Mwanzi ni mzuri kuutazama kwa mbali, lakini chini yake ni kama chumba kilichofungwa madirisha. Majani makavu hulala tabaka juu ya tabaka kama mikeka, mbegu ya mti ikianguka haigusi udongo. Ikibahatika kuota, haipati jua. Ikijikaza ikafika urefu wa goti, mwanzi uliokauka unaiangukia na kuilaza. Ipo miti inayovumilia, inakaa humo imenuna miaka na miaka ikingoja nafasi. Mvule hauna subira hiyo. Usipoona jua mapema, unakufa.

Kwa hiyo miaka yote marehemu alikuwa akikata mianzi hapa na pale, juu ya kila mvule mchanga aliouona, ili jua lishuke. Mianzi aliyoikata alimpa mdogo wake, yule kitinda mimba, ambaye alishakuwa fundi viti mwenye karakana barabara kuu. Karibu wote mlio hapa mmekalia viti vyake. Walishuka mlimani pamoja, bega kwa bega, wakitupiana maneno.

"Kaka, unalea miti ya wajukuu wa wajukuu. Mbao zake utazilalia lini?"

"Na wewe viti vyako vinalia mtu akikaa. Utavizika lini?"

Mwaka 2019 mianzi yote ya mlimani ilitoa maua. Ndivyo ilivyo, hukaa miongo bila ua hata moja, halafu huchanua kwa pamoja, humwaga mbegu, hufa kwa pamoja. Kufikia katikati ya mwaka uliofuata mlima ulikuwa wazi, jua linapiga hadi chini, na mivule iliyokuwa imejificha ikaanza kukimbilia juu kama watoto waliofunguliwa darasa. Marehemu, mtu wa miaka sitini na tisa, alicheza peke yake mbele ya geti. Mdogo wake alikaa juu ya jiwe. "Wewe umefunguliwa, kaka," alisema. "Mimi nimefungiwa karakana."

Marehemu hakulidharau neno hilo. Walikaa mezani, mjane akiwapo, wakakubaliana. Bonde lote la chini, kando ya kijito, liwe la mianzi ya fundi viti. Kuanzia lile jiwe kubwa linalopakana na bonde kwenda juu ni mivule, na miche ya mianzi itakayoota huko, ambayo ikiwa michanga utadhani ni nyasi, ing'olewe yote. Wakashikana mikono. Mjane anakumbuka kwamba fundi viti ndiye aliyenyoosha mkono kwanza.

Aprili 2022 marehemu alianza kuugua moyo. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi, daktari akamkataza mlima. Mdogo wake akasema, "Niachie mimi, kaka. We pumzika." Tangu hapo alikuja kila Jumapili, anakaa kitandani upande wa miguu.

"Wanaendeleaje wanafunzi?"

"Wameshika jua, kaka. Mmoja amenipita kichwa."

"Yule wa karibu na jiwe?"

"Huyohuyo. Ana kiburi, hata salamu haitikii."

Marehemu alicheka mpaka akakohoa. Jumapili hizo alikula bila kubembelezwa.

Juni mwaka huu aliomba kitu kimoja tu. "Niletee jani la huyo aliyekupita kichwa. Nilishike." Jumapili iliyofuata jani likaja, limefungwa kwenye gazeti. Marehemu alipitisha kidole gumba ukingoni, taratibu, akashukuru, akauliza hali ya watoto. Mdogo wake alipoondoka, alimwita mkewe.

"Pitisha kidole hapa."

"Laini."

"Enhe. Jani la mvule mtoto ni pana, na lina meno ukingoni kama msumeno. Mti ukizeeka ndipo meno yanaisha. Hili limechumwa kwenye ule mvule mzee wa getini. Huyu hakupanda mlima."

"Labda alichoka, akachuma la karibu."

"Labda," alisema marehemu, na akalishikilia neno hilo siku nzima. "Nenda ukaniangalilie."

Mjane alipanda. Kuanzia jiwe kubwa hadi kileleni mianzi ilikuwa imesimama kupita urefu wa nyumba. Wala haikuachwa tu ikaota. Ilikuwa imepandwa kwa mistari, mashina yamechimbwa bondeni yakapandishwa juu. Chini yake mivule ilisimama mikavu, myembamba kama vyuma vya mwavuli. Iliyokuwa hai ilikuwa michache, pembeni mwa njia, rangi yake imepauka. Aliporudi alivua viatu mlangoni polepole mno. Marehemu akasema kutoka kitandani, "Usiseme. Nimekuona unavyovua viatu."

Fundi viti alipokuja Jumapili iliyofuata hakukaripiwa. Aliulizwa tu kama ni kweli.

"Kaka, mwanzi ukifa na mimi nimekufa. Nina watu wa kulisha."

"Si nilikuachia bonde lote?"

"Bonde halikutosha."

"Ungesema. Mdogo wangu, ungesema tu, ningekupa nusu ya mlima, tukaokoa ile nusu nyingine. Umekaa hapa miaka mitatu, kwenye miguu yangu, unanihadithia urefu wa miti iliyokufa."

"Nilitaka ufurahi."

"Nilifurahi," alisema marehemu. "Ndiyo hiyo inayouma. Sasa nenda, na usiniletee jani tena."

Hakulia wala hakumlaani. Ila tangu siku hiyo Jumapili ilipofika aligeukia ukutani, na chakula kikarudi jikoni kama kilivyokuja. Mjane alianza kupanda mlimani mwenyewe na panga, akikata mianzi juu ya ile mivule michache iliyobaki, akirudi ana mikwaruzo mikononi. Marehemu alimwuliza maswali, na majibu yake aliyaamini.

Wiki ya mwisho aliagiza haya yote yaandikwe na yasomwe. Binti yake akamwambia, "Baba, hayo si ya kusomwa makaburini." Akajibu, "Yasomwe wapi, harusini?" Akafariki Jumanne tarehe 14 Oktoba 2025, saa tisa alasiri, nyumbani, mkewe akimshika mkono.

Ameacha mjane, binti mmoja, mwana mmoja, wajukuu watano, na mdogo wake mmoja, fundi viti. Hakutaka afutwe humu. Alisema ndugu ni ndugu, iandikwe hivyo. Ila aliagiza asibebe jeneza. Maneno yake yalikuwa, "Mimi nikishushwa, yeye apande." Fundi viti amefikishiwa agizo hilo, kwamba saa hii awe mlimani na panga lake, aing'oe mianzi aliyoipanda kuanzia jiwe kubwa kwenda juu, kabla mivule iliyobaki haijafa. Amejibu kwamba atakwenda. Kama yuko huko sasa, au amesimama hapa nyuma ya watu, sisi familia hatujui, na safari hii hatutamwuliza. Kesho asubuhi mjane atapanda kuangalia kwa macho yake.

Apumzike, mzee wetu. Amechoka kweli.