Damas Xavery Mahona na Tela la Leodgar

Damas Xavery Mahona alizaliwa Tura tarehe 4 Mei 1961, mtoto wa tatu wa Mzee Xavery na Mama Theodora, wakulima. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Tura, mwaka 1969 hadi 1975, kisha akaja Tabora mjini kujifunza ufundi wa magari makubwa. Alitengeneza malori kwa miaka thelathini na miwili. Madereva wa njia ya Nzega walimwita Fundi Tela.

Tarehe 12 Septemba 1987 alifunga ndoa na Advera. Walijaliwa wana wawili, Leodgar na Mathias, ndiye mimi ninayewasomea.

Mwaka 2003 dereva mmoja alimletea kutoka Dar es Salaam boksi la lori dogo la plastiki, la kuunganisha. Halikuwa na tela. Alikata dumu la maji akaliunda mwenyewe, na tangu hapo hakuacha kuunda malori madogo. Hakuandika vipimo. Kwa kila kipimo alikata kipande cha plastiki, na kazi ikiisha alivibandika vyote ndani ya chasisi. Mama alimtania, "Baba Leodgar, wenzako wanaosha magari, wewe unayapaka tope." Akajibu, "Gari safi ni la dukani. Hili limetoka Nzega masika."

Tarehe 11 Machi 2024 Leodgar alifariki baada ya tela la lori aliloendesha kuchomoka. Taarifa ikasema ni uzembe wa dereva. Baba alikwenda kwenye mabaki, akapima siku mbili. Wiki iliyofuata yalikatwa, yakauzwa chuma chakavu. Kwa miezi kumi na minne alilijenga tela lile kwa plastiki, pamoja na pini yake ya kuliunganisha na lori, iliyolika. Alipolifikisha kwa walioandika taarifa ile, kijana wa mapokezi alisema, "Shikamoo mzee. Lakini hivi si vya watoto?"

"Marahaba. Chukua rula, mwanangu."

Kijana alipima, akapima tena, akaenda kumwita mkubwa wake. Ndipo shauri likapangwa kusikilizwa upya Jumanne hii, tarehe 18, naye akaambiwa arudi na tela siku hiyo.

Kisukari kilikwisha kumharibu figo. Alilazwa Hospitali ya Kitete mara tatu, na mara ya mwisho aliniuliza tu kama gundi imekauka. Alifariki Alhamisi, 13 Novemba 2025, saa kumi na moja alfajiri.

Aya hii haimo kwenye ratiba mliyoshika. Leo asubuhi tumekuta tela halipo mezani. Jana, walipomvisha marehemu, Shangazi Apolinaria alilifunga kwenye khanga akalilaza miguuni pake, kama babu alivyozikwa na jembe lake. "Sikutaka kaka aende mikono mitupu," ameniambia. Shangazi, umefanya kwa upendo. Lakini vipimo havipo kwingine popote. Vikifukiwa, Leodgar atabaki mzembe kwenye karatasi, na dereva mwingine atakabidhiwa pini kama ile. Najua kwetu jeneza likishafungwa halifunguliwi. Padre, wazee wangu, nawaomba lifunguliwe kabla halijashushwa.

Marehemu ameacha mjane, Advera, mwana mmoja, Mathias, dada, Apolinaria, na watoto wawili wa Leodgar, Maua na Yahaya, wanaoambiwa shuleni kwamba baba yao alisinzia kwenye usukani.

Bwana ampe Baba pumziko la amani. Bisibisi ninayo hapa.