Tarehe za Mkono wa Haron Omwenga Bosire

Marehemu Haron Omwenga Bosire alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Februari 1979, katika kijiji hiki hiki, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka soko la Birongo. Alikuwa mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Abner Bosire, aliyekuwa mzee wa kanisa, na Mama Loice Gesare, ambaye ameketi hapa mbele yetu. Mimi ninayesoma ni Purity Nyanchera, dada yake aliyemfuata, mwalimu wa shule ya msingi upande wa Nyamache. Mnaona jinsi karatasi inavyotikisika mkononi mwangu. Naomba mtu asiseme kwamba na mimi nimerogwa.

Mlio na programu mtaona kwamba ukurasa wa tatu, penye ugonjwa, pana mstari mmoja tu: "baada ya kuugua kwa muda mrefu." Mstari huo si wangu. Kamati ndiyo iliyoufupisha, na mwenyekiti wa kamati ni Baba Obadiah, mdogo wake baba yetu. Ninayosoma niliyaandika asubuhi ya leo na hajayaona. Baba, najua sasa hivi unatafuta niko ukurasa gani. Utanigombeza baadaye, mbele ya watu ukitaka.

Naogopa, na sitawaficha. Katika mkutano huu ameketi mama mzee ambaye baadhi yenu mmesema mtamchoma tukishamaliza kuzika. Mmesema anahusika na kifo hiki. Nina karatasi hii moja na muda wa kuisoma, basi. Lakini wasifu una mpangilio wake, na Haron alipenda mambo yafuatane, kwa hiyo nitaanza na shule.

Alianza darasa la kwanza Januari 1986 katika shule ya hapa kijijini, akafanya mtihani wa darasa la nane mwaka wa 1993, kisha akamaliza kidato cha nne mwaka wa 1997 katika shule ya kutwa karibu na Keumbu. Hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho. Mwaka wa 1990 Mama aliingia sebuleni akakuta mapera ya kutosha siku mbili yamepangwa juu ya meza ya wageni, na Haron ameinama na mwiko wa ugali, jicho moja amelifumba.

"Unafanyia nini chakula?" Mama akamuuliza.

"Natazama kama hili litasukuma lile, Mama."

Lilisukuma. Lile lingine likaenda moja kwa moja ndani ya kibuyu cha maziwa. Haron alilala bila kula siku hiyo, na Mama anasema hadi leo kwamba pera lenyewe lilipiga katikati ya mdomo wa kibuyu bila kugusa ukingo.

Baada ya shule alijifunza useremala Keumbu, na kufikia mwaka wa 2000 alikuwa na karakana yake. Mwaka wa 2003 aliitwa mjini Kisii kutengeneza meza ya zamani ya snuka, ile kubwa yenye mipira kumi na mitano myekundu na sita ya rangi nyingine, ambayo kitambaa chake kilikuwa kimeliwa na panya. Kazi ilikuwa ya siku nne. Ilimchukua wiki tatu, kwa sababu kila alipopigilia msumari aliona ni lazima ajaribu meza. Mwenye meza alimwambia, "Fundi, nilikuita uitengeneze, sikukuita uioe." Mwaka wa 2006 mgeni kutoka klabu moja ya Nairobi alimwona akicheza, akataka kumsajili awe mchezaji wa kulipwa. Baba yetu alikataa. "Jina la mtoto wangu halitaitwa kwenye nyumba ya pombe," alisema, na Haron akamtii, akarudi kwenye milango na madirisha.

Lakini kwenye ukuta wa karakana aliandika kwa penseli safu ya namba: 16, 17, 17, 18, 19. Mimi nilidhani ni vipimo vya mbao. Kumbe ni umri ambao wachezaji wakubwa wa ng'ambo walianza kulipwa. Alikuwa akisoma habari zao popote alipozipata. Chini kabisa aliandika jina lake, akaweka alama ya kuuliza.

Haron alianza kucheza snuka kwa kulipwa Jumatatu, tarehe 3 Machi 2014, akiwa na miaka thelathini na mitano. Tafadhali ishikeni tarehe hiyo. Baba yetu alikuwa amefariki miaka mitatu kabla, na wengi mlidhani ndiyo sababu. Haikuwa hiyo.

Alikuwa amemwoa Sheila Moraa, binti wa upande wa Nyamira, Jumapili, tarehe 16 Desemba 2007. Siku ya harusi, kabla ya keki kuwekwa, bwana harusi aliinama mbele ya wageni mia tatu akitazama kama meza ya keki imelala sawa, akachomeka kipande cha kadibodi chini ya mguu mmoja. Mungu aliwajalia watoto wawili, Abner na Gesare. Sheila amemlisha kwa kijiko miaka miwili iliyopita, na hakuna siku nilimsikia akilalamika.

Sasa ugonjwa. Nipeni maji kidogo.

Mwezi wa Oktoba 2013 Haron alikuwa ameketi kwangu akisubiri chai ipoe. Kijiko kikaanza kugonga kikombe chenyewe. Aliutazama mkono wake wa kulia kama mtu anayemtazama mgeni aliyeingia bila kubisha. Akaushika kwa mkono wa kushoto. Tarehe 19 Novemba 2013 nilimpeleka hospitali mjini Kisii, na hapo tukatumwa kwa daktari wa neva. Kadi yenyewe ni hii ninayoinua. Mchungaji, naomba uje uisome kwa macho yako kisha uwaambie watu tarehe iliyo juu.

Asante. Mmesikia.

Daktari alisema ni ugonjwa wa Parkinson. Ni ugonjwa wa ubongo, huwapata wazee zaidi, lakini mara chache humpata mtu ambaye hajafika arobaini. Alituambia kwamba mkono utatetemeka ukiwa umepumzika, na ukipewa kazi utatulia kwa muda. Na ndivyo ilivyokuwa: ukiwa mtupu ulitetemeka, ukishika fimbo ya snuka ulitulia. Haron aliuliza swali moja tu.

"Daktari, mkono huu una miaka mingapi?"

"Ya kazi nzuri? Pengine mitatu, pengine minne."

Tulipotoka nje alicheka hadi nikaogopa. Akaniambia, "Purity, wale wa ng'ambo walianza mapema kwa sababu walikuwa na wakati. Mimi naanza kwa sababu sina." Miezi mitatu na nusu baadaye akasaini na ile klabu ya Nairobi. Ndiyo maana aliianza kazi hiyo akiwa na umri ambao wengine wanafikiria kuiacha. Alinisihi nisimwambie mtu yeyote, maana klabu ingejua wangemrudisha nyumbani kesho yake. Miaka mitatu alicheza hivyo. Hamkuwahi kumwona bila chaki ya fimbo mkononi, na mlidhani ni madaha.

Jumapili, tarehe 23 Aprili 2017, alishinda kombe kubwa Nairobi na mkampokea hapa kwa kwaya na matarumbeta. Mimi nilisimama kushoto kwake nimebeba kombe. Wengi wenu mlikuwepo, kwa hiyo mnakumbuka vizuri kama mimi: Mama Esnah, mjane wa kaka mkubwa wa baba yetu, alipita katikati ya watu, akaushika mkono wa kulia wa Haron kwa mikono yake miwili, akakataa kuuachilia. Waliimba nyimbo nne, hakuuachilia. Mtu akasema, "Huyu mama anatafuta nini kwa huyo mkono?" Watu wakacheka.

Tarehe 30 Juni 2017, Ijumaa, Haron alikosa mpira mweusi uliokuwa karibu na shimo kabisa, mkono ukitikisika mbele ya kamera. Hakucheza tena. Kufikia Julai kijiji kizima kilikuwa na jibu: Esnah aliuchukua mkono.

Jamani, hesabuni. Hospitali ni Novemba 2013. Kusaini ni Machi 2014. Mama Esnah kushika mkono ni Aprili 2017. Mkono ulikuwa mgonjwa kabla Haron hajalipwa hata shilingi moja ya mchezo. Mtu hawezi kuiba mwaka wa 2017 kitu kilichopotea mwaka wa 2013.

Na alichokuwa akikitafuta Mama Esnah nitawaambia, kwa sababu nilikuwa karibu nikasikia. Haron alikuwa amekabidhi fimbo, amekabidhi chaki, kombe ninalo mimi. Mkono ulikuwa mtupu na ulianza kutetemeka mbele yenu nyote. Hakuna aliyeona isipokuwa huyu mama, ambaye hakuwa ameambiwa lolote na mtu yeyote. Alimwinamia akasema, "Tulia, mwanangu. Nitaushika mpaka wachoke kuimba." Alikuwa anauficha. Aliificha aibu ya mtoto wetu kwa mikono yake, na kwa hilo tumemwita mchawi miaka minane.

Mwaka wa 2018 migomba yake ilikatwa. Maziwa yake hayanunuliwi. Kanisani wamama wanahama benchi. Yeye hajawahi kusema neno, kwa sababu Haron alimwomba siri kama alivyoniomba mimi. Haron aliogopa kwamba mkijua ni ugonjwa mtasema uko kwenye damu, na Gesare hataolewa. Mimi niliogopa kwa ajili yangu mwenyewe. Anayemtetea mtu wa namna hii huitwa jina hilo hilo, na nina nyumba, nina watoto, nafundisha watoto wa watu. Nilikuwa napita mlangoni kwake naangalia chini. Kaka yangu alikosea kunyamaza, na mimi nilikosea zaidi, kwa sababu mimi nilikuwa mzima.

Mwezi wa Agosti mwaka huu, 2025, Haron alishindwa kumeza. Alilazwa tarehe 21 Agosti, chakula kikaingia mapafuni, akapata nimonia. Jumanne, tarehe 2 Septemba, sauti ikiwa karibu kwisha, aliniita kwa macho. Niliweka sikio mdomoni mwake. Alisema, "Soma tarehe." Nikamuuliza, "Za kombe?" Akasema, "Zote. Mama Esnah." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho niliyoyasikia. Alifariki Ijumaa, tarehe 5 Septemba 2025, saa nne asubuhi, Sheila akiwa pembeni yake.

Nilipompelekea Baba Obadiah tarehe hizo aliniambia, "Hiyo mambo tuachane nayo, Purity. Tuzike kwanza kwa amani." Halafu juzi Jumanne asubuhi tulikuta majani makavu ya mgomba yamerundikwa nyuma ya jiko la Mama Esnah, yakinuka petroli. Chifu ameambiwa, akasema atatuma askari. Sijamwona askari. Nimewaona vijana wanne wamesimama pale kwenye ua tangu saa mbili, hawajaimba, hawajaketi. Wawili nimewafundisha kusoma. Mama Esnah ameketi safu ya tano, na viti vya pande zake zote mbili ni vitupu.

Marehemu ameacha mama mzazi, Loice Gesare. Mjane, Sheila Moraa. Watoto wawili, Abner, aliye kidato cha tatu, na Gesare, wa darasa la nane. Dada mmoja, ambaye ni mimi. Baba mdogo, Obadiah. Na mama mkubwa, Esnah, ambaye jina lake halimo kwenye programu mliyochapishiwa. Mlio na kalamu, liandikeni.

Nikiiweka karatasi hii chini nitakwenda kuketi safu ya tano, na Mama Loice ameniambia tutakwenda wote wawili. Kuanzia leo godoro langu liko nyumbani kwa Mama Esnah. Atakayekuja na petroli ajue kuna mtu wa tumbo moja na Haron ndani. Bado naogopa. Nimemaliza kusoma na bado naogopa.

Haron Omwenga Bosire apumzike kwa amani kaburini mwake. Mama Esnah naye apumzike kwa amani, kitandani mwake, akiwa hai, mpaka Mungu mwenyewe atakapomwita.