Mtu Mzima Dunguni

Wakati ule Mwingereza bado anatawala, wazee wa Visiga walinywa kahawa kwenye benchi lililokuwa karibu na jiko langu la vitumbua. Mwanangu mgongoni, niligeuza vitumbua huku nikisikia yote. Asubuhi moja walikuwa wakimsema Salehe, Mmakua aliyekimbia shokoa, zile kazi za kulazimishwa za Mreno, akapewa shamba bondeni kwetu. Kwetu kuamia ndege, kuwafukuza wasile mpunga, ni kazi ya watoto. Mpunga ukizaa, shule wanaiacha. Salehe alipanda mwenyewe dunguni, kwenye kichanja cha miti cha kulindia shamba, ndevu zote zile, akipiga debe, ili mwanawe Mbaraka akasome.

— Baba mzima anagombana na ndege! — alisema Pazi, tuliyemwita Bwana Shauri kwa kuwa kila jambo alilipeleka kwa Jumbe wa kijiji.

— Hagombani, anawatuma, — akajibu Mwinyimadi, jina la utani Gazeti. — Wanampelekea Mreno habari zetu.

— Habari gani?

— Kwamba wewe umeoa tena.

— Lo! Ndiyo maana wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba.

— Hiyo inaingiaje hapo?

— Ndege mmoja, ndege wawili, mara jeshi!

— Na yule mtoto? — akasema Gazeti. — Akishajua kuandika, bonde zima ataliandika kwa jina la babake. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

— Jembe si tulimpa? Kapanda nalo juu ya miti!

Pazi akachukua bakora.

— Naenda kwa Jumbe. Anyang'anywe shamba leo hii.

Kitumbua kikaniungulia. Bila shamba wangehama tena, na Mbaraka angesoma wapi?

Kabla Pazi hajaondoka, akafika Mwamvita, mke wa Salehe, akapiga goti.

— Shikamooni, baba zangu.

— Marahaba.

— Mume wangu kanituma niulize. Watoto wote wako mabondeni, Mbaraka amebaki peke yake darasani. Jana karudi analia, hana wa kusoma naye. Mashamba yetu yamepakana, na mume wangu yuko dunguni tangu alfajiri. Akiwaamia na mpunga wenu, watoto watarudi shule?

Gazeti akachungulia kikombe chake, nacho kilikuwa kitupu. Pazi akairudisha bakora chini ya benchi, akaketi.

— Dungu langu, — akasema, — ngazi yake imeoza katikati. Mwambie akanyage pembeni.