Historia ya Fundi Picha Tuliyemwita Mnyoosha Macho

Ndugu, majirani na nyinyi mliotoka mbali, tunaomba utulivu kidogo, haya ni maneno ya dada wa marehemu, ameyasema kwa mdomo na mjukuu ndiye anayeyasoma, na amesema yasipunguzwe hata moja, maana kuna mtu alishaomba yapunguzwe.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 mwezi wa tatu mwaka 1948, katika chumba cha uani cha nyumba iliyokuwa nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa kitinda mimba wa mama yetu, mama ambaye jicho lake moja lilikutazama wewe na la pili lilitazama mlangoni, na tukimcheka alikuwa akisema, "Hili ni la kuwapenda, lile ni la wezi wa sukari," na kweli, sukari ya nyumba ile hatukuiba tukafaidi.

Shule aliianza mwaka 1956, akamaliza kwa kufaulu vizuri, lakini baba alikuwa ameshafariki, na kaka yetu mkubwa, aliyekuwa ameshapata ukarani, akasema msomi mmoja anatosha nyumba hii, akimaanisha yeye, na mdogo mtu akaitikia "ndiyo kaka," kama alivyokuja kuitikia maisha yake yote.

Kazi aliianza mwaka 1967 kwa mpiga picha mmoja mzee, akifagia na kuchota maji ya kuoshea picha, hadi mzee yule alipomwingiza chumba cha giza, akamfundisha dawa, taa nyekundu, na ile kazi ya subira ya kushika penseli iliyochongwa kama sindano na kufuta chunusi na makovu juu ya filamu, watu wakatoka wazuri kuliko walivyoingia. Mwaka 1974 akafungua studio yake mwenyewe, chumba kimoja kati ya fundi viatu na fundi cherehani, humo ndani kulikuwa na pazia lililochorwa ngazi isiyofika popote, koti na tai za kuazima msumarini, chanuo lililofungwa kamba lisitembee, na mdomo wake, maana ukikaa kwenye kigoda umekakamaa alikuambia, "Shusha mabega mama, hujakamatwa," ukicheka tu, kashakupiga.

Ndoa alifunga tarehe 12 mwezi wa sita mwaka 1976 na binti yule yule fundi cherehani wa jirani, aliyemjia kwa ugomvi kwamba wateja wa picha wanamzibia mlango, akaambiwa akae kwanza apigwe picha ndipo agombe vizuri, na wakajaliwa watoto watatu, ndio hao mnaowaona hapo mbele.

Sasa tufike penye mwiba. Mama alikubali kupigwa picha mara moja tu maishani, mwaka 1979, akasema taa zile zinachoma kama jiko na harudi tena, kweli hakurudi, akafa mwaka 1981, ikabaki filamu ile moja. Kaka mkubwa akataka picha kubwa ya mama ya kuweka sebuleni kwake, wakubwa wa ofisini walikuwa wanakuja, akasimama pale studio gari likiunguruma nje, akasema, "Ninyooshee hilo jicho, sitaki wageni waniulize maswali." Marehemu akamwambia, "Kaka, tukilinyoosha si mama tena," akajibiwa, "Mimi ndiye baba yako sasa, fanya." Desturi ya kazi yake ilikuwa kutoa nakala ya filamu kwanza na kuichezea ile nakala, yenyewe hakuwahi kuigusa, ila siku ile, kwa kuharakishwa na kwa machozi aliyokuwa akiyaficha, alishika wembe akaikwangua filamu yenyewe, na kilichokwanguliwa hakirudi.

Picha ikatundikwa, tukaenda kuiona, mabinti wa mama tukasimama pale sebuleni kama watu waliokosea nyumba, mmoja akauliza, "Huyu mama wa nani?" na kaka mkubwa alipoona nyuso zetu zimekunjamana akasema, "Muulizeni fundi wenu, ndio ujuzi wake huo," na marehemu akatazama viatu vyake, kwa sababu hakuweza kumuumbua mkubwa wake nyumbani kwake, mbele ya watu. Toka siku hiyo jina likawa Mnyoosha Macho, harusi za ukoo akaitwa mpiga picha wa nje, yeye akapewa kiti cha nyuma kama mgeni. Mke wake alikuwa ameyasikia yote ya studio nyuma ya ukuta wa mbao, cherehani yake imesimama, lakini mumewe alimkataza kusema, akamwambia, "Kaka ni kaka," akameza, na miaka yote hiyo alimwona mumewe akiwakalisha wanawe na wajukuu kwenye kigoda, mmoja baada ya mwingine, akitafuta jicho la mama limemwangukia nani, asilipate.

Kifua kilimwanza mwaka juzi, madaktari wakasema ni dawa za chumba cha giza zilizomkaa mapafuni, akalazwa, akatoka, akalazwa tena, kaka mkubwa hakukanyaga wodini, alituma matunda kwa dereva, na Jumanne ya wiki hii asubuhi marehemu akakata roho mikononi mwa mkewe, ambaye alipokwisha kumfumba macho alitoka nje akatuambia yote, kwani aliyemkataza hayupo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, tunawashukuru majirani, hasa fundi viatu aliyefunga kazi yake akawa anamwogesha kama ndugu wa tumbo moja, na wapiga picha wenzake, waliokuja na kamera zao leo na hawakuzitoa mikobani kwa heshima. Kaka mkubwa naye tunamshukuru kwa jeneza, ni zuri. Alituma watu tuandike tu kwamba marehemu aliipenda kazi yake, haya tumeandika, aliipenda. Kilichobaki ni ile picha ya sebuleni, ishushwe, maana watoto wetu wanaiita bibi na si bibi, na kama kaka anataka kusema nani aliagiza jicho linyooshwe, kiti chake ni cha mbele, asimame aseme marehemu akiwa bado juu ya ardhi.

Mdogo wetu, umenyamaza vya kutosha, sasa pumzika, kwa amani ambayo nduguzo hatukukupa.