Kesi ya Maji Isizikwe Nami

Sogeeni karibu, wanangu, sauti yangu haifiki mbali tena. Mlango uacheni wazi. Sina siri na yule bwana wa manispaa aliyekaa sebuleni, akiomba nife kabla chai yake haijapoa.

Cherehani ni ya binti yangu mdogo. Nyumba ni yenu wote watatu, na asiiuze mmoja akidhani wenzake wamelala. Hayo ni mepesi. Zito ni kesi.

Mnajua nilishinda. Hakimu alisoma mbele ya watu kwamba maji ni haki ya kila mkazi wa mtaa huu, nikalia kama bibi harusi. Manispaa wakakata rufaa, na wakili wao, kijana mpole mwenye tai, akasema hapingi haki yangu hata kidogo: haki ninayo, ila sheria haisemi ni nani wa kuyaleta hayo maji. Yaani hakuna aliyenikataza kunywa! Tangu hapo kesi inaahirishwa tu, na kila tukionana kijana yule ananiuliza habari za presha kwa huruma kuwashinda ninyi, kwa sababu mdai akifa bila mrithi wa kushika nafasi yake, kesi nayo imekwisha.

Sasa wameleta bomba. Litaingia jikoni kwetu, kwetu tu, tukiifuta kesi, na kwenye karatasi yao wameliita msaada. Wewe mwanangu mkubwa umeshashika kalamu. Jana uliniambia, "Mama, maji ni maji, mke wangu mgongo umekwisha kwa ndoo." Sikukasirika, baba, mgongo wa mkwe wangu nauona kila anapoinama. Lakini msaada wakiukata utamshitaki nani? Utaambiwa ushukuru kwa siku ulizokunywa. Na majirani waliosimama juani nje ya mahakama kwa ajili yangu, utawafungia geti wakija na madumu? Hata muuza mkaa alikuja, ambaye hatusalimiani tangu ugomvi wa ukuta. Nimemsamehe. Ukuta lakini ni wetu.

Nikifa wataleta boza la maji msibani, ndivyo wanavyofanya; mji huu mtu anapata maji ya kutosha siku ya kuoshwa. Yapokeeni, muugawie mtaa mzima, na msitie sahihi popote.

Niinueni kidogo... hapo. Mwanangu mkubwa, radhi yangu unayo, usilie. Ila nafasi yangu mahakamani nampa mdogo wako huyu wa kike, maana tangu utotoni hajui kunyamaza. Mumpe nauli, mumpikie akirudi, msimwache peke yake kwenye lile benchi. Mungu awaweke... awaweke pamoja, asiwapitishe njia nyembamba hii bila... subirini, pumzi.

Binti yangu, simama. Sema kwa nguvu, bwana yule asikie: mdai ni nani?

Mh. Hajasikia huyo. Sema tena.